Betri Ndogo na Maji ya Dada Yangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msitafute humu maneno matamu. Sina. Mimi shule niliishia darasa la tatu, nikatolewa kwenda kusaidia kazi za nyumbani, na hasira niliyonayo naiandika kama ilivyo. Nyinyi mnajua kuendesha magari, mnajua simu, mnajua kusoma kile Kiingereza kinachowaka mbele ya usukani. Basi na haya someni. Nataka mjue jambo tuliloahidiana mimi na dada yangu, na kwa nini halikufanyika.

Tulikuwa watoto wa kike wawili kwa mama yetu. Mama alipofariki, tulimwosha sisi wenyewe. Dada alikuwa upande wa kichwa, mimi namwaga maji. Tulipomaliza tukatoka nyuma ya nyumba, tunakamua kanga zetu zilizorowa. Ndipo dada akasema, bila kunitazama, "Sikiliza wewe. Atakayetangulia, aliyebaki ndiye amwoshe. Sitaki mkono wa mtu mwingine."

Nikamwambia, "Na nywele?"

"Na nywele unisuke wewe. Mkono wako hauvuti."

Basi. Hatukuapa, hatukulia. Tulikamua kanga tukaingia ndani. Lakini kuanzia siku ile kila tukionana, iwe harusini, iwe hospitali, mmoja lazima amchokoze mwenzake. "Bado upo? Mimi maji yako nishateka." Watoto wetu walikuwa hawapendi utani huo. Sisi tulikuwa tunacheka mpaka machozi.

Dada aliolewa kijiji cha Kanga, kaskazini. Mimi nikaolewa huku Ndagoni. Kisiwa chetu cha Mafia watu wa Dar wanakiona kidogo, lakini kwa mtu mwenye nyonga kama yangu, Kanga ni mbali. Nilianguka kisimani miaka ya nyuma, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Natembea na fimbo. Kwenye pikipiki siwezi kupanua mguu. Kwa hiyo safari yangu yoyote ya Kanga ilikuwa inamtegemea mwanangu wa mwisho, ambaye nakaa naye, na gari lake.

Sasa niwaambie gari.

Mwanangu kazi yake ni kuchukua wageni uwanja wa ndege Kilindoni na kuwapeleka hotelini Utende, wakaone papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote. Kwa kazi hiyo alikwenda Dar akanunua gari la porini, limeinuka juu, magurudumu kama ya trekta, likavushwa bahari kutoka bandari ya Nyamisati. Siku lilipofika watu walikuja kulitazama kama bwana harusi. Na gari hilo lina tabia yake: likisimama, injini inazimika yenyewe. Halijaharibika. Limeundwa hivyo huko lilikotoka ili lisile mafuta bure kwenye foleni. Dereva akiachia breki, linawaka tena, linaendelea.

Foleni! Mafia! Foleni yetu sisi ni ng'ombe wakivuka barabara.

Lakini huku kwetu gari linasimama kwa jambo jingine. Linasimama kwa salamu. Ukikutana na mtu mzima njiani, huwezi kumpungia mkono ukapita ukamwachia vumbi. Unapunguza mwendo, unasimama, unasema shikamoo, unasubiri marahaba, unaulizwa habari za nyumbani, za wagonjwa, za aliyesafiri. Mwenye adabu zaidi anazima injini kabisa, ili mzee asipayuke kushindana na ngurumo. Kwa hiyo mwanangu alipoanza kupita na gari lile, wazee wote wa njia hii walishangaa. Gari likifika mbele yao, kimya. Nikawa nikienda popote napokea sifa.

"Kijana wako umemlea. Anazima gari hata kwa mimi kibogoyo."

Nami nikafurahi, kwa nini nisifurahi? Mpaka siku moja nikampa sifa zake mwenyewe uso kwa uso, akaangua kicheko.

"Mama, mimi sizimi kitu. Linajizima lenyewe."

"Lenyewe?"

"Lenyewe. Mimi mguu wangu uko kwenye breki tu."

Nilimwangalia. Nikamwambia, "Kwa hiyo adabu ni ya gari."

"Si wanafurahi, mama? Tatizo liko wapi?"

Neno hilo lilinikaa. Mtu anapokea sifa ya jambo asilolifanya, na analijua, na ananyamaza. Hiyo peke yake ingetosha kunikasirisha, nanyi mngesema bibi anatafuta makosa. Haya, ngojeni.

Lile gari lina betri mbili. Kubwa ambayo kila gari linayo, na ndogo ambayo imefichwa chini, chini ya kisanduku cha fyuzi, hata huioni mpaka ufungue vitu. Ile ndogo kazi yake ni hayo mambo ya kuzima na kuwasha. Injini ikizimika, yenyewe ndiyo inashikilia taa na redio na kompyuta ya gari, kisha linawaka. Sasa huko kwao labda gari linasimama mara chache kisha linakimbia njia ndefu, betri inajaa. Huku kwetu linasimama kwa mzee wa kwanza, linasimama kwa mzee wa pili, linasimama kwa mama anayetwanga mbele ya nyumba, linasimama kwa fundi seremala, na toka mmoja hadi mwingine hujamaliza hata kupangusa jasho. Betri gani itajaa? Ile ndogo ikachoka ikafa. Haikufa kwa ajali wala kwa maji ya chumvi. Ilikufa kwa shikamoo.

Ilipoanza kuumwa, gari liliacha kujizima. Likawa linasimama mbele ya watu linanguruma kama magari mengine. Na kwenye kioo cha mbele ya usukani kukawa na maandishi ya rangi ya njano. Mimi nilikuwa nayaona kila nikipanda.

"Hayo yanasemaje?"

"Ni betri ndogo tu, mama. Haina neno. Gari si linawaka?"

Linawaka. Asubuhi linawaka, jioni linawaka. Mtoto huyu kasoma mpaka kidato cha nne, maandishi yale anayaelewa herufi kwa herufi, na jibu lake ni kwamba linawaka.

Lakini wazee hawakuona betri. Waliona adabu imepungua. Wakawa wanasema, "Siku hizi anatungurumia tu mbele yetu, ameshapata wageni wengi, kichwa kimevimba." Maneno hayo yakamfikia. Basi akaanza kufanya nini? Akaanza kuzima gari kwa mkono wake. Kila akisimama kwa mtu mzima, anabonyeza kitufe, gari linazimika, anasalimia, anabonyeza tena, linawaka. Alikuwa anaigiza gari. Na kila alipozima, alikuwa anabahatisha kama litawaka, na yeye anajua, na sisi tunaopanda hatujui.

Dada yangu alifariki alfajiri ya siku ya Jumatano. Alikuwa anaumwa kifua, lakini si kuumwa kwa kukatisha tamaa. Binti yake ndiye aliyepiga simu.

"Mama mdogo, mama ametutoka."

Nikasema yanayosemwa. Kisha nikamuuliza, "Mnazika saa ngapi?"

"Wanaume wanasema baada ya adhuhuri. Joto hili, mama mdogo, haliruhusu alasiri."

"Maji yachemsheni, na marashi na kafuri viwekeni tayari. Mtu asimguse. Nakuja kumwosha mimi."

"Tunajua, mama mdogo. Tunakungoja wewe."

Nikafunga kanga zangu mbili kuukuu za kuoshea, nikachukua kitana cha mti, nikapanda gari. Jua ndiyo kwanza linachomoza. Wakati ulikuwepo mwingi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, wakati ulikuwepo.

Nanyi mnajua habari ya msiba inavyokwenda. Kabla sijafika Kilindoni kila mtu alikuwa ameshapata habari kwa simu. Watu wakatoka barabarani kunipa pole, na pole ya msiba si ya kupungiana mikono. Mtu anakuja mpaka dirishani, anakushika mkono, anasema pole, Mungu amrehemu, aliumwa nini, alikula jana, nani alikuwa naye. Mwanangu anazima, anawasha. Anazima, anawasha. Mara mbili tatu nilisikia likichelewa, likikohoa kabla ya kuwaka, nikamwangalia, akatazama mbele.

Tulipopita kijiji cha Kirongwe kidogo, kwenye shamba la minazi, akatusimamisha mzee mmoja mwenye baiskeli. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, na mtu wa kuheshimiwa. Mwanangu akazima gari. Mzee akaegemeza baiskeli, akaja dirishani.

"Bimkubwa, pole sana."

"Tumeshapoa."

"Nani anamwosha?"

"Mimi."

"Ah! Basi msikawie, nendeni, nendeni." Akasema nendeni, kisha akafungua viganja vyake akaanza dua. Dua ndefu, ya wazazi wake, ya wazazi wangu, ya Waislamu wote walio hai na waliokufa. Nasi tunaitikia amina. Alipojipangusa uso, mwanangu akabonyeza kitufe.

Tik tik tik tik. Taa zote zikawaka, zikacheza, zikazimika. Akabonyeza tena. Kimya.

Ndani ya lile shamba kulikuwa na wanaume wanafua nazi. Wakaja kwa kutaka kusaidia, sisemi vibaya, lakini wanaume wakiwa wengi penye gari bovu hawafungi midomo.

"Lisukumeni!"

"Otomatiki hilo, halisukumwi. Kama bibi harusi, lazima likubali lenyewe."

"Limezimwa kwa adabu, sasa linakataa kuwaka kwa adabu!"

Wakacheka. Mmoja akaniona niko ndani na kanga za msiba, akawapiga wenzake kiwiko, wakanyamaza. Mwanangu kashuka kafungua boneti, anaitazama injini kama mtu aliyepotelewa na sindano.

Likapita gari la mizigo limejaa nazi, linakwenda Kilindoni, sisi tunakotoka. Dereva akasimama. Wakatoa waya za kubusti, wakaunganisha betri yao na ile yetu kubwa. Mwanangu akabonyeza. Tik tik tik. Wakatoa waya, wakasugua vichwa vya betri kwa msasa, wakajaribu tena. Hamna kitu. Yule dereva akasema, "Betri yako kubwa nzima, kaka. Ugonjwa uko kwingine." Akakunja waya zake akaondoka.

Simu ikalia. Binti wa dada.

"Mama mdogo, mmefika wapi?"

"Kirongwe. Gari limezima."

"Maji yameshachemka yamepoa, tumeyachemsha tena. Shehe amekuja kuuliza."

"Mwambie nakuja."

Nikashuka. Nikamwambia mwanangu aniitie bodaboda. Akasema, "Mama, kwa njia hii na nyonga hiyo, ukianguka tutazika wawili."

"Ita!"

Akaita. Kijana wa pikipiki akaja, akaishusha chini ya ukingo wa barabara ili nipandie kutoka juu. Wafua nazi wawili wakanishika kwapa. Nikainua mguu. Mguu ulikataa. Nikajaribu kukaa upande upande, kama wasichana wanavyokaa. Pikipiki ilipoondoka tu nikahisi nyonga kama inatolewa kwa patasi, nikapiga ukelele mbele ya wanaume wale wote. Wakanishusha. Yule kijana akaniambia, "Bibi, samahani, mimi sikubebi. Roho yako sitaki iwe mikononi mwangu." Akaondoka. Alikuwa na haki yake.

Nikakaa juu ya rundo la makumbi, jua linapanda. Mwanangu anazunguka gari lake. Nikamwambia, "Huyo fundi wako wa Dar, aliyekuuzia gari, yuko wapi?"

"Nimempigia, mama."

"Kasemaje?"

"Amesema... ni mambo mengi."

"Mpigie tena. Weka sauti nisikie."

Hakutaka. Nilimwona hakutaka. Nikamnyooshea mkono anipe simu mimi, ndipo akapiga. Sauti ya fundi ikatoka kubwa, na nyuma yake kelele za gereji.

"Kaka, bado uko hapo hapo? Si nimeshakwambia iruke hiyo betri ndogo, iunge dairekti?"

"Nilikuwa nataka kwanza..."

"Unataka nini? Na si leo tu. Nilikwambia tangu ulipokuja wakati wa mfungo. Betri ndogo imekufa, ama nunua mpya ama iruke. Ukanijibu linawaka!"

Wafua nazi wote walisikia. Mzee wa baiskeli alisikia. Mimi nilisikia.

Kuna hasira ya kupiga kelele na kuna hasira ya kunyamaza. Hii ilikuwa ya pili. Nikamuuliza, taratibu, "Toka mfungo?"

"Mama, ukiunga dairekti, gari haliwezi kujizima tena. Kile kitu kinakufa moja kwa moja. Nilikuwa naagiza mpya. Wageni wanakipenda, na wazee walishazoea..."

"Wazee walishazoea nini?"

Akainamia boneti.

"Adabu ya betri," nikamwambia. "Umeniweka juani, dada yangu amelala ubaoni, kwa kutaka kusifiwa adabu ya betri. Na leo bado unazunguka. Kwa nini hujaiunga?"

"Naogopa kompyuta itaungua, mama. Hili gari ndiyo kazi yangu."

"Na iungue! Iungue leo, iungue mbele yangu! Fundi, uko hapo? Mwambie anachotakiwa kufanya, moja moja, na mimi nasikia."

Fundi, Mungu ampe kheri, alibadilisha sauti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema."

Akasema, na mimi nimeshika simu juu kama taa. Kwenye betri kubwa, kichwa cha hasi kina waya mbili zimekaa pamoja. Moja ni ya gari, nyingine inashuka kwenda kwa ile ndogo. Fungua zote mbili kwanza, usiwe na haraka, zikiguswa na chuma mambo yanaharibika. Ile ya betri ndogo ifunge kwa mpira, isiguse kitu tena maisha yake. Mwanangu akasema hana mpira. Mzee wa baiskeli, bila kuambiwa, akafungua ule mpira wa tyubu anaofungia mzigo wake, akauleta. Waya ikazungushwa, ikakazwa, ikalazwa pembeni kama nyoka aliyefungwa mdomo.

"Sasa fungua kifuniko cha sanduku la fyuzi. Unaona nati mbili zimekaa jirani, zina chuma chini yake?"

"Naziona."

"Hizo mbili unaziunganisha kwa waya. Umeme wa betri kubwa utapita hapo, utakwenda kote ambako ile ndogo ilikuwa inapeleka. Lakini waya uwe mnene, usiniwekee uzi wa spika ukaunguza gari la watu."

Mwanangu akainua kichwa. "Waya mnene sina."

"Zile za kubusti ulizo nazo nyuma je?" nikamuuliza. "Ulizonionyesha wiki iliyopita?"

"Mpya zile, mama. Ukizikata..."

"Lete."

Akaleta. Zilikuwa bado zina karatasi yake. Mfua nazi mmoja akaziweka juu ya kigogo, akanitazama mimi, hakumtazama mwenye gari. Nikamwambia, "Kata." Panga likashuka mara moja. Kipande cha urefu wa kiganja. Wakachuna mpira wa ncha mbili kwa kisu, wakakunja shaba iwe kitanzi, mwanangu akaingiza chini ya nati ya kwanza, kisha ya pili, akakaza kwa spana. Akairudisha ile waya ya gari kwenye betri kubwa. Akaingia ndani. Akasema bismillahi. Akabonyeza.

Gari likawaka papo hapo, halikukohoa.

Wanaume wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nyinyi mnaosoma mngependa hapa nifurahi, si ndiyo? Mimi pale ndipo hasira yangu ilipokomaa. Maana niliona ukubwa wa kazi yenyewe. Kipande cha waya cha urefu wa kiganja, nati mbili, mpira wa baiskeli. Chai iliyomiminwa wakati wanaanza ingekuwa bado inaunguza mdomo. Jambo dogo namna ile lilikuwa limekaa toka mfungo, linangoja dada yangu afe.

Nikapanda. Nikamwambia, "Sasa husimami kwa mtu."

"Mama, hata..."

"Hata kwa shehe."

Hatukusimama. Watu walitoka mbele ya nyumba zao, nikawaona midomo yao inafunguka kwa pole, tukawapita. Bibi mmoja aliinua mkono wote juu, tukampita, na vumbi likamfunika. Mwanangu alikuwa anajikunja kwa aibu kila tukipita mtu. Mimi nilikuwa natazama kivuli cha minazi kinavyozidi kuwa kifupi barabarani.

Tulipoingia uwanjani kwa dada, adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha. Wanaume wamesimama nje na jeneza. Nikashuka, sikungoja fimbo. Mlango wa chumba ulikuwa umefunguliwa. Mnajua maana yake. Wakati wa kuosha mlango unafungwa.

Binti yake akanipokea kizingitini. "Mama mdogo, nisamehe. Tulingoja, tulingoja mpaka shehe akasema mwili una haki yake. Wamemwosha majirani. Nilikuwepo."

"Nani alikuwa kichwani?"

Akamtaja mwanamke mmoja wa mtaa ule. Mtu mwema, namjua, hana kosa. Lakini dada yangu hakuwahi kuoshwa na mkono ule hata uso.

Walikuwa hawajafunga sanda upande wa kichwa. Walimwacha uso wazi kwa ajili yangu, hilo nawashukuru. Nikakaa chini karibu naye, na nyonga yangu sikuisikia kabisa. Alikuwa amesafika, ananukia kafuri. Nywele zilikuwa zimesukwa mafungu matatu kama inavyotakiwa, lakini zimevutwa. Zimekazwa mpaka ngozi ya kipaji cha uso imenyanyuka. Ningeweza kuzifungua nikasuka upya. Kitana ninacho kiunoni. Nikatia mkono, nikakishika. Lakini wanaume walikuwa wanabisha hodi ukutani, na maiti hasumbuliwi mara mbili kwa ajili ya nafsi ya mtu aliyechelewa. Nikakiacha. Nikalegeza kidogo tu kwa ncha ya kidole pale kwenye kipaji, nikamwambia maneno yangu ambayo hayahusu mtu. Kisha nikafunika.

Wakamchukua. Sisi wanawake tukabaki ndani na zile beseni.

Siku za matanga nilikaa Kanga. Mwanangu alikuwa anakuja na kurudi, anabeba wali, anabeba watu, hatusemezani ila salamu. Msibani hakugombwi. Siku ya mwisho akaja yule bibi wa njiani, tuliyempita na mkono wake juu. Alikaa mkekani akasema, mbele ya watu, "Mimi sikuja kulaumu. Lakini siku ile mlinipita kama mbuzi. Gari halikupunguza hata mwendo. Zamani kijana wako alikuwa anazima kabisa."

Wanawake wote wakanitazama. Nikamwambia, "Bibi, umesema kweli, alikuwa anazima. Kwa kuzima huko mimi sikumwosha dada yangu. Kama unataka nikuombe radhi kwa vumbi, nakuomba. Kwa kutosimama sikuombi." Akanywa kahawa yake. Hakurudi kwenye neno hilo, na mimi pia sikurudi.

Nikarejea Ndagoni. Wiki haikupita, nikaona boksi barazani. Dogo, zito, limefungwa kamba. Mwanangu na mkewe wamekaa, wananingoja, na wajukuu wamejipanga kama kuna sherehe.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, "betri ndogo mpya imekuja kwa boti. Leo naitoa ile waya, naliweka gari sawasawa. Litakuwa linajizima vizuri kama mwanzo. Wala hutaona taa ya njano tena."

Nilimtazama mtu huyu niliyemzaa. Alikuwa anadhani ananifurahisha. Alikuwa anadhani ugonjwa ulikuwa betri. Nikavuta kigoda nikakaa mbele ya lile boksi, nikawaita wote waliokuwa jikoni waje wasikie, maana sikutaka baadaye mtu aseme hakuambiwa. Nikasema:

"Boksi hili linarudi lilikotoka, na ile waya inabaki pale ilipo. Ukitaka kumheshimu mtu, zima gari kwa moyo wako, si kwa kuigiza. Taa yoyote ikiwaka kwenye gari hilo, naambiwa mimi siku hiyo hiyo, na gari halitoki uani. Na kuanzia leo, mtu wa nyumba hii anayekwenda kwenye maiti hasimami njiani kwa pole ya mtu yeyote, awe mzee, awe shehe, hata baba yako angefufuka. Pole tutapokea tukirudi. Haya, nyanyukeni, kila mtu na kazi yake."